Fedha ya Msiba

Mwaka 2004 kampuni moja ya jimbo la New York ilitangaza kwenye televisheni sarafu ya dola 19.95, ikisema fedha yake imetolewa kwenye kifusi cha World Trade Center. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Eliot Spitzer, akaishitaki, na jaji akasimamisha mauzo. Kosa lilikuwa nini? Sarafu ilipakwa fedha kidogo tu juu, na haikuwa sarafu halali ya serikali. Ingekuwa fedha tupu mpaka ndani, na halali, sidhani kama kesi ingekuwapo. Mahakama ilimtetea mnunuzi. Wale karibu 3,000 waliokufa katika mashambulizi ya Septemba 11 hawakuwa na wakili pale.

*

Makaa ya mawe ya Titanic, meli iliyozama 1912 na watu wapatao 1,500, huuzwa vipande vidogo vidogo pamoja na cheti. Anayenunua hana haja ya moto. Analipia ule usiku. Wapo wanaouliza: mbona hata makumbusho hutoza kiingilio? Sawa, lakini ukilipa kiingilio cha bustani ya kumbukumbu ya Nairobi, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani 1998, hutoki na tofali mfukoni.

*

Fidla inayotambuliwa kuwa ya Wallace Hartley, kiongozi wa bendi ya Titanic, iliuzwa mnadani Devizes, Uingereza, mwaka 2013 kwa pauni 900,000. Ilikuwa imerudishwa kwa mchumba wake, kisha ikapita mikono mingi, kwa hiyo sina ugomvi mkubwa na muuzaji. Kinachonichoma ni jambo jingine. Meli ilipozama, wakala wa wanamuziki alimwandikia baba wa Jock Hume, mpiga fidla mwenzake Hartley, akimtaka alipe deni la sare ya mwanawe. Mzee amefiwa na mwana, halafu anadaiwa! Kwetu jirani angekuja na rambirambi mkononi, si na bili.

*

Oktoba 2024 wapiga mnada wa Tetsworth, Uingereza, walitangaza kuuza fuvu la mtu wa jamii ya Naga kutoka India, bei ya kukadiria ikiwa imeshaandikwa. Sisi Watanzania tuliolingoja fuvu la chifu wetu Mkwawa lirudi kutoka Ujerumani hadi 1954 hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu wa Nagaland walikasirika. Walipolalamika, fuvu likaondolewa mnadani. Hakuna sheria ya Uingereza iliyowalazimisha wauzaji kuliondoa.