Usiku wa Mkwiro uongozwe na wenyewe

Usiku wa Kwale huuzwa Diani. Mtalii akiulizia starehe, huelekezwa kwenye baa za ufukweni kama Forty Thieves, kisha tuktuk humrudisha hotelini. Wenyeji anaowaona ni wahudumu tu.

Lakini Kwale hiyohiyo, katika kijiji cha Mkwiro, mashariki mwa Kisiwa cha Wasini, hakuna hata gari. Watalii huvuka kutoka Shimoni asubuhi kwenda kutazama pomboo wa Kisite-Mpunguti. Jioni wengi wameshaondoka. Wanakosa saa tamu: baada ya Isha wazee wako barazani, kahawa chungu inazunguka, stori za bahari hazina haraka.

Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya 2009, inathibitisha kwamba usiku huuzika bila pombe. Watu humiminikia pweza wa kuchoma na juisi ya miwa, muuzaji akiikamua miwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Mkwiro nayo ianzishe matembezi ya usiku, yakiongozwa na vijana na kina mama wa kijijini, wanaojua baraza gani haipigwi picha. Bei ipangwe na kijiji, si wakala wa Diani. Na mgeni aje amejisitiri. Bikini ibaki mashuani.