Seva mbili bila shahidi zimetutia hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vyama vya kuweka na kukopa vinavyotunza hesabu za wanachama kwa kompyuta.

Chama chetu kina ofisi mbili, moja mjini Moshi na nyingine huku mlimani. Kila ofisi ina kompyuta kuu, yaani seva. Fedha zikiwekwa mjini, hesabu hunakiliwa huku mara moja. Zikichukuliwa huku, salio hupungua mjini pia. Tuliambiwa seva moja ikiharibika nyingine itashika kazi, nasi tukapiga makofi.

Masika moja mti uliangukia nyaya na mawasiliano yakakatika. Kila seva ikachukulia kuwa mwenzake amezimika, ikaendelea kulipa. Mwanachama mmoja mwenye akiba ya shilingi 300,000 alizichukua zote asubuhi huku mlimani, na mchana akalipwa tena 300,000 mjini. Mawasiliano yaliporudi, hesabu hazikulingana. Aliyesimamishwa kazi ni karani wa mjini, ambaye alilipa kwa kufuata salio aliloliona mbele yake!

Ndugu Mhariri, karani yule hakuiba. Seva iliyokosa habari za mwenzake haiwezi kujua kama mwenzake amezimika au njia tu ndiyo iliyokatika. Na njia hukatika. Hata tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, intaneti ikazorota nchini. Wazee wetu wa Uchagga walijua jambo hili katika mifereji ya maji. Mtu hafungulii kihamba chake maji kwa sababu tu hamwoni jirani. Kuna zamu, na kuna wanaosimamia zamu.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, iwepo mashine ya tatu, hata ndogo, mahali pengine na kwa njia nyingine ya mawasiliano, iwe shahidi. Seva inayosikilizana na shahidi iendelee na kazi, lakini shahidi asiziruhusu zote mbili kwa wakati mmoja pale zisiposikilizana. Ile isiyomsikia mwenzake wala shahidi iache kulipa mara moja.

Pili, seva moja itoe stakabadhi za namba witiri na nyingine za namba shufwa, ili stakabadhi mbili zisigongane namba.

Tatu, tusidhani kuwa seva ya pili ni kinga ya kila kitu. Akaunti ikifutwa kwa makosa mjini, na huku mlimani itafutika. Nakala ya hesabu za kila siku iwekwe kando.

Nne, seva moja izimwe kwa makusudi siku isiyo na malipo, viongozi wakiwapo, tuone kama nyingine itashika kazi kweli.

Najua mwanachama aliyeteremka kutafuta ada ya mtoto atanung'unika akiambiwa malipo yamesimama kwa muda. Lakini ni heri kungoja kuliko kukuta akiba ya wenzetu imelipwa mara mbili.

Mkoa huu haukuanza ushirika jana. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilianzishwa mwaka 1963. Naomba chuo hicho kiwasaidie wajumbe wa bodi zetu kujua maswali ya kumwuliza fundi kabla hawajatia sahihi mkataba.

Mwisho, nawaomba viongozi wa chama chetu wamrudishe karani kazini. Waliopokea mtambo bila kuuliza njia ikikatika itakuwaje ndio wanaopaswa kutueleza wanachama.

Mwanachama,
Moshi, Kilimanjaro.