Afya Nyumbani: Amiba wawili wa sura moja

Wazazi wengi hurudi kutoka dispensari wakiwa na fadhaa kwa sababu ya karatasi ndogo. Mtoto alipimwa choo. Haharishi, hana homa, anakula na kucheza, na tena karatasi yasema: "amiba". Je, ni mgonjwa au siye? Ili tujibu, sharti tujue maisha ya kidudu hiki, na ukoo wake pia.

Amiba si mnyoo, wala si bakteria. Mwili wake wote ni chembe moja hai, nao wataalamu humhesabu katika jamii ya protozoa. Hana miguu: akitaka kwenda, husukuma mbele sehemu ya mwili wake, kama ute unaomwagika, na sehemu iliyobaki hufuata.

Maisha yake yana hali mbili. Katika hali ya kwanza amelala ndani ya ganda. Wengine huliita yai, lakini si yai, maana amiba hawana dume wala jike. Gawanya milimita moja sehemu 1,000: upana wa ganda ni sehemu 12 hadi 15 hivi. Likikomaa lina viini vinne. Katika unyevu laweza kudumu siku nyingi, hata majuma. Klorini tunayotia katika maji ya kunywa haliwezi sana, bali maji yakichemka, amiba hufa. Twalimeza pamoja na maji machafu, mboga mbichi, au chakula kilichoshikwa na mkono usionawiwa. Ukali wa tumbo haulidhuru. Katika utumbo mwembamba hupasuka, viini vyagawanyika, na ganda moja latoa amiba wanane.

Hao ndio wa hali ya pili, wenye kutembea. Hukaa katika utumbo mpana, wakila bakteria, kila mmoja akijigawa kuwa wawili. Baadhi yao hujifunga ganda tena na kutoka na choo. Wasio na ganda wakitoka nje hufa upesi. Kwa hiyo anayeeneza amiba zaidi si yule anayelia kwa kuhara, bali jirani yake mzima, asiyejua kitu.

Kwa watu wachache amiba huyeyusha ukuta wa utumbo, hufanya vidonda, na humeza chembe nyekundu za damu. Ndipo watu huhara damu. Pengine huchukuliwa na mishipa hadi kwenye ini na kuleta jipu. Fedor Lösch alimwona katika choo cha mgonjwa huko St. Petersburg, akaandika habari zake mwaka 1875. Mwaka 1903 Fritz Schaudinn alimwita Entamoeba histolytica, yaani mwenye kuyeyusha nyama za mwili.

Lakini mbona wengi wanaye wala hawaugui? Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alijibu kwamba ni amiba wawili: wa pili, Entamoeba dispar, hana madhara. Wenzake wengi hawakumsadiki, kwa kuwa maganda ya hao wawili hayatofautiani katika darubini hata kidogo. Alistahili kusikilizwa! Mwaka 1993 Diamond na Clark walithibitisha kwamba ni wawili kweli, na siku hizi kipimo cha DNA huwatenganisha. Katika nchi nyingi huyo mpole ndiye aliye mwingi kuliko mwenzake.

Turudi kwa mtoto wetu. Muulize mganga: ameona amiba waliomeza chembe za damu, au maganda tu? Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba asiyeugua, aliyeonekana na maganda kwa darubini tu, asipewe dawa, isipokuwa kuna sababu nyingine ya kumshuku yule mkali. Akithibitishwa kuwa ndiye, mtu hutibiwa hata kama haumwi. Naye aliyehara damu, akipewa vidonge vya namna ya pili baada ya kupona, asidhani mganga amekosea: vile vya kwanza viliua amiba walioingia katika nyama za mwili, hivi vinawafuata waliobaki ndani ya utumbo.