Usawa wa Kujitolea

Ukitaka kazi ya kutetea usawa katika elimu ya vyuo vikuu, tangazo linataka digrii ya pili na uzoefu wa miaka 3. Uzoefu unaupata wapi? Kwa kujitolea bila malipo, tao. Sasa kijana wa Tuala apande matatu hadi Rongai, aunge nyingine hadi Nairobi, kila siku, miezi 6, kwa pesa ya nani? Kazi ya usawa inabaki ya wenye wazazi wa kuwalipia nauli.

Halafu tunashangaa sera zinavyotoka. Mfumo wa ufadhili wa 2023 ulikuja kupanga familia kwa bendi 5 kulingana na kipato cha mwezi. Bendi ya 1 ni chini ya shilingi 5,995. Bendi ya 5 ni zaidi ya 120,000, na hapo familia inabeba asilimia 40 ya karo. Jamani, mfugaji wa Kajiado ana payslip? Anauza ng'ombe muhula ukifika. Ukame wa 2022 ukishapita na zizi, hicho kipato cha mwezi ni kipi? Mtu wa huku angeuliza hivyo siku ya kwanza. Kama yuko aliyeuliza, fomu haikumsikia. Ilibidi watu waende kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Nyinyi mashirika ya usawa, lipeni vijana wenu. Bajeti yenye warsha ya hoteli Naivasha haiwezi kukosa nauli ya Tuala.