Kabla hujaongeza kitu kwenye pikapu yako, ipeleke kwenye mizani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu iko hapo nje ya nyumba imesimama juu ya mawe: pikapu yangu. Leo sitaandika kuhusu programu, ingawa mkisoma mpaka mwisho mtaona ni hadithi ileile.

Ni pikapu ya milango minne, dizeli, inayovuta magurudumu yote manne. Aina yake sitaitaja kwa sababu kosa halikuwa lake. Niliinunua ikiwa na umri wa miaka sita, nikiwa na ndoto moja: kuipeleka familia Ziwa Turkana kwa njia ndefu, kupitia Marsabit, Maikona, kingo za jangwa la Chalbi, North Horr, halafu kushuka Loiyangalani.

Kwa miaka miwili kila shilingi iliyobaki ilienda kwenye hiyo gari. Nilianza na bampa ya chuma ya mbele. Bampa ikaniambia inataka winchi. Kisha kibanda cha kufunika bodi ya nyuma, droo za mbao ndani yake, friji, betri ya pili ya kulisha friji, karia ya chuma, hema la juu ya paa, tairi la akiba la pili, mitungi minne ya dizeli. Nyuma ilipoanza kukaa chini kama mbwa aliyechoka, nikafunga mifuko ya hewa juu ya ekseli ili ipande tena. Ikapanda. Nikapiga picha. Nikaona nimemaliza kazi.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Mteja anaomba kipengele kimoja, unakiongeza. Kesho anaomba kingine. Kila kimoja ni kidogo. Baada ya mwaka programu inachukua dakika mbili kufunguka na hakuna anayejua ni kipi kilichoiua. Cha ajabu ni kwamba kazini mimi ndiye ninayepiga kelele kuhusu jambo hili. Kwa gari langu mwenyewe nilinyamaza.

Tuliondoka tukiwa watano: mimi, mke wangu, shemeji na watoto wawili. Mpaka Marsabit ni lami tupu, raha mustarehe. Baada ya North Horr mawe yakaanza. Si kokoto, ni mawe meusi ya volkano, na matuta madogo madogo yanayotikisa gari mpaka meno. Saa tisa alasiri tukasikia mlio kama bunduki upande wa nyuma. Jani kuu la springi limekatika, mfuko wa hewa umepasuka, ekseli imerudi nyuma na tairi linasugua bodi.

Nilikuwa na winchi ya kuvuta gari lolote, lakini hapakuwa na kitu cha kuvuta. Nilikuwa na friji yenye soda baridi. Maji nilikuwa nimeyafunga juu ya karia, mitungi mitatu ya lita 20, na mmoja ulikuwa umepasuka kwa mtikisiko tangu sijui wapi. Lita 20 zimemwagika bila sisi kujua. Simu haikuwa na mtandao. Mtoto wangu mdogo aliniuliza, "Baba, tutalala hapa?" Tulilala hapo. Nilihesabu vikombe vya maji usiku ule kuliko nilivyowahi kuhesabu pesa.

Kesho yake saa mbili asubuhi lilipita lori la mbuzi. Dereva, mzee mmoja mpole, alizunguka pikapu mara moja, akatazama juu kwenye hema na karia, akatingisha kichwa. "Kijana, hii gari umeijengea Nairobi." Turniboi wake aliingia chini, akapachika kipande cha gogo kati ya ekseli na chasisi, akakifunga kwa mnyororo. Kisha wakapunguza upepo kwenye tairi zangu, wakahamishia mizigo yetu yote kwenye lori, pamoja na mke wangu na watoto. Nikaingia Loiyangalani kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Mzee alikataa pesa, akakubali soda.

Sasa habari mbaya zaidi. Tuliporudi Nairobi, fundi alilala chini ya gari na tochi, akaniita. Chasisi ina ufa, nyuma ya kebini, upande uleule. Akanieleza na nikaelewa mara moja. Springi ya kiwandani hushika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Mfuko wa hewa husukuma sehemu moja tu, katikati. Ukiwa na uzito mkubwa unaoning'inia nyuma ya ekseli, chasisi hupindia pale pale. Mifuko ile haikupunguza hata kilo moja. Iliinua gari tu, ikanificha tatizo. Ni sawa na kuzima ujumbe wa hitilafu badala ya kurekebisha hitilafu yenyewe.

Kwa hasira nilirudisha kila kitu ndani, nikajaza mitungi na tangi, nikapanda na familia mpaka kwenye mizani ya lori ya ghala la nafaka. Kilo 2,890. Kibandiko cha mlangoni kinasema mwisho ni 2,780. Hicho kibandiko nilikuwa nacho tangu siku ya kwanza, bure.

Najua wengine mtasema, "Mbona magari ya Rhino Charge yanafungwa vitu vyote hivyo?" Ni kweli. Lakini mashindano yale, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ni ya saa 10: unapita vituo 13 kwa umbali mfupi kuliko wenzako, na kuna watu wa kukusaidia. Gari lile halibebi godoro, sufuria na watoto. Kuiga gari la mashindano kwa safari ya wiki mbili ni kujidanganya.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nimeyalipia. Ukitaka kuboresha pikapu kwa njia mbaya, fuata mpangilio huu:

1. Mizani kwanza. Pima gari likiwa tupu, halafu likiwa na watu, maji na mafuta. Tofauti iliyobaki mpaka kwenye kikomo ndiyo bajeti yako. Maji ni kilo moja kwa lita, hayabishani.

2. Tairi na upepo. Tairi imara zenye kuta ngumu, pampu ndogo na kipimo cha upepo. Kwenye mawe na matuta punguza upepo na punguza mwendo pia. Kwenye mchanga punguza zaidi. Hili ndilo boresho la bei rahisi kuliko yote. Usikimbilie tairi kubwa bila hesabu: kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 gurudumu linakua kwa asilimia 3 na kitu. Spidi mita inakudanganya, gia zinakuwa nzito, breki zinafanya kazi zaidi.

3. Springi na shokabsoba za uzito ulio nao kila siku. Si za uzito unaouota.

4. Breki, beringi, mipira ya maji, mikanda, filta. Havipendezi kwenye picha. Badilisha kabla ya safari, na za zamani zilizo nzima zibebe kama akiba.

5. Maji ndani ya gari, chini, kwenye vyombo kadhaa. Na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kama unaenda pasipo na mtandao.

6. Baada ya hayo yote, kama mizani bado inaruhusu na mfuko pia, nunua winchi.

Na ukifunga chochote, iarifu kampuni yako ya bima. Usingoje siku ya ajali kujua kama walikubali.

Mimi nimeuza hema, droo, karia na bampa. Winchi bado inatafuta mnunuzi. Chasisi inachomelewa na kuongezwa bamba, kazi ambayo imekula pesa zote za hivyo vitu. Tutalala kwenye hema la kawaida la chini, kilo saba.

Mke wangu amekubali kurudi Turkana Desemba, kwa sharti moja: siku moja kabla ya kuondoka tupite kwenye mizani, na yeye ndiye atakayesoma namba.