Likizo Isiwe Mapumziko ya Hesabu



Shule zimefungwa kwa likizo ya Juni. Sisi wakazi wa Geita, Kahama na Shinyanga twajua nafasi hiyo hujazwa na nini. Mtoto huanza kwa kuokota mawe karibu na karasha, kisha hushinda mwaloni. Shule zifunguliwapo ameshaonja fedha, na hesabu huziona kuwa adhabu ya mwalimu tu.

Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, baba mmoja alituuliza kuhusu zaka. Alikuwa na akiba ya dhahabu gramu 120 iliyotimiza mwaka. Nisabu ni takriban gramu 85, hivyo ilimpasa kutoa sehemu moja ya arubaini. Tukiwa bado twatafuta kalamu, mwanawe wa darasa la sita alijibu: "Gramu 3." Baba alinyamaza, kisha akakiri kwamba miaka yote amekuwa akikisia.

Tujiulize, ni wangapi miongoni mwetu tunaokisia haki ya maskini?

Hesabu, basi, zimo ndani ya ibada na riziki zetu. Mtoto mdogo aulizwe: rakaa za fardhi ni 17 kwa siku, je, kwa wiki ni ngapi? Wa darasa la tano apewe mizani: gramu 1.35 na gramu 1.53 zinatofautiana kwa kiasi gani, na kwa bei ya leo tofauti hiyo ni shilingi ngapi? Asiyejua nukta hupunjwa mchana kweupe, na Surat al-Mutaffifin imewaonya wapunjaji.

Mkubwa apewe mirathi. Marehemu ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 8,000,000. Mke hupata thumuni, yaani 1,000,000, kila mwana 2,800,000, binti 1,400,000. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljabra jina lake, alitenga humo sehemu kubwa kwa masuala ya mirathi.

Nusu saa baada ya Alasiri yatosha. Mzazi asiyejua asione haya, amwambie mtoto, "Nifundishe." Mtoto anayemfundisha babaye hasahau.

Nasi wa kamati tunayo lawama yetu. Kila likizo tumefungua madrasa, lakini ubao wetu haujawahi kuandikwa hesabu hata moja. Kuanzia Jumamosi hii, inshaallah, saa moja ya madrasa itakuwa ya hesabu za zaka, mizani na mirathi. Waleteni watoto, wa kike na wa kiume, kabla karasha halijawaita.

Wabillahi tawfiq.