Mashine Huijua Rufiji kwa Kuambiwa

Imani inayotembea kwa kasi siku hizi, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi kumbi za mikutano ya serikali, ni kwamba akili mnemba inajua. Taarifa zote, wanasema wenye imani hiyo, zimeshajaa mtandaoni na kwenye setilaiti. Kilichobaki ni kuiuliza mashine. Kwa hesabu yao, mdodosaji anayepita nyumba kwa nyumba, msomaji wa kina cha mto na bwana shamba ni gharama za kizamani zinazoweza kufutwa.

Imani hiyo ni potofu, na ikiruhusiwa kuingia kwenye bajeti itaua watu. Pa kuipimia ni bonde la Mto Rufiji, Tanzania.

Kabla ya mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri kivuko Ndundu. Sasa anapita juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita 1, na akitazama chini anaona maji na mashamba. Mashariki zaidi, hadi baharini, umetanda msitu wa mikoko wa delta, hekta zipatazo 53,000. Setilaiti inaona haya yote, tena vizuri kuliko jicho la msafiri. Isichoweza kuona ni nani amelala wapi usiku wa leo.

Na Rufiji swali hilo ni la uhai. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamishia wakazi wa bondeni kwenye miinuko katika Operesheni Rufiji, miaka michache kabla ya vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Udongo mzuri uko bondeni kwa sababu mto huuleta, na maji yakishapungua wakulima hupanda tena kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Msimu wa mpunga familia hushuka na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Mafuriko makubwa huja Aprili na Mei, mpunga ukiwa bado shambani na wenyewe wakiwa huko huko. Ramani ya hatari itakayochorwa kwa kuhesabu mapaa kutoka angani itaonyesha nyumba zilizo salama kwenye miinuko. Nyumba hizo huenda hazina watu. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani ameshuka na watoto wangapi, na hakuna mtandao wowote duniani alikoyaandika hayo.

Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri takriban 200,000. Mwezi mmoja tu nyuma, watafiti wa Google walikuwa wamechapisha katika jarida la Nature modeli ya kutabiri mafuriko hata kwenye mito isiyo na vipimo. Huduma yao hutoa utabiri hadi siku 7 kabla. Kazi hiyo inastahili sifa, na haki itendeke kwa kulisema hilo wazi. Lakini mashine hiyo ilifunzwa kwa kumbukumbu za vituo zaidi ya 5,000 vya kupima mito. Nyuma ya kumbukumbu hizo kuna watu walioshuka ukingoni, wakasoma kipimo na kuandika namba, pengine kwa miaka mingi. Utabiri wa mito isiyopimwa umejengwa juu ya jasho la waliopima mito mingine.

Tena Rufiji ya kwenye kumbukumbu za zamani si Rufiji ya leo. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Tangu siku hiyo, maji yanayofika Ndundu hayategemei tu mvua ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Yanategemea pia uamuzi wa binadamu kuhusu kiasi cha maji ya kupitisha bwawani. Modeli isiyopewa taarifa za uamuzi huo inakisia, hata kama inakisia kwa ufundi. Mkulima wa Muhoro, huko Rufiji, hana faida na utabiri wa kampuni ya ng'ambo iwapo ratiba ya kufungulia maji haimfikii yeye wala mashine.

Rufiji ina ushahidi mwingine, wenye nguvu kuliko huo wa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lilikuwa rahisi: je, fedha za afya zinafuata magonjwa yanayoua? Jibu halikuweza kutoka hospitalini, kwa kuwa wengi walifia nyumbani. Kuanzia 1998, wadodosaji walizungukia kaya za Rufiji mara kwa mara katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Waliandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba, walirudi baadaye kwa heshima kuwauliza wafiwa: homa ilianza lini, mtoto alipumuaje, alipelekwa wapi kwanza.

Majibu yalivunja mazoea ya ofisini. Huko Morogoro malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini ilikuwa ikipewa asilimia 5 ya bajeti ya afya. Rufiji, mahojiano na wafiwa yalionyesha kuwa karibu asilimia 80 ya waliokufa kwa malaria walikimbilia kwanza tiba ya kisasa, kinyume na lawama za kila siku kwamba watu wanakufa kwa kung'ang'ania waganga. Halmashauri zikapanga upya fedha zao, pamoja na nyongeza isiyofika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika takriban miaka mitano.

Katika mradi huo programu za kompyuta zilikuwepo, nyepesi kabisa, za kuwasaidia maofisa wa wilaya kuona magonjwa na fedha kwenye mchoro mmoja. Leo zipo nzuri zaidi: InterVA, kwa mfano, husoma majibu ya wafiwa na kukadiria chanzo cha kifo, kazi ambayo zamani ilikalisha madaktari kitako. Ni hatua kubwa. Ila haiwezi kumhoji mama ambaye hakuna aliyemfikia.

Hata mihogo inasema hivyo hivyo. Nuru, programu ya simu ya kutambua magonjwa ya muhogo, inazungumza Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti; kwa ukanda wa Pwani, unaosumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, ni msaada wa kweli. Utafiti ulioizaa ulianza na picha 2,756 za majani zilizopigwa katika mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Iliposhushwa kwenye simu na kujaribiwa, matokeo ya 2019 yalionyesha ufanisi kushuka, hasa dalili zikiwa bado ndogo, yaani wakati ambao mkulima anahitaji jibu zaidi.

Kinga ya kisheria ipo kwa sehemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Nayo dola ikitaka kusimamia, inaweza: Novemba 2024 Benki Kuu ilizuia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Lakini hatua hizi zinamlinda aliyeonekana na mashine. Familia iliyoko kwenye dungu, ambayo mfumo haukuihesabu, haina uamuzi wa kuukatia rufaa. Pengo hilo ndilo kanuni zozote za akili mnemba zinapaswa kuziba.

Kwa hiyo halmashauri za Rufiji na Kibiti, na wizara zilizo juu yao, zisinunue mfumo wowote wa kutabiri au kugawa misaada kabla muuzaji hajaandika taarifa za bonde hili amezitoa wapi, ni za mwaka gani na zinawaacha watu gani. Taarifa za maji ya bwawa ziwe wazi kila siku, kwa redio na kwa simu. Awepo ofisa mwenye jina atakayejibu mfumo ukikosea. Na sehemu ya fedha za kila mfumo ilipe mishahara ya wadodosaji na wasomaji wa vipimo vya mto, kuanzia bajeti ijayo.